Sifa si Ujira: Jibu kwa Waliosifu Askari wa Kigurkha

Bwana Mhariri, naomba nafasi katika gazeti letu nimjibu ndugu yetu mwalimu aliyetuandikia habari za askari wa Kigurkha. Makala yake niliisoma mara mbili, na wanafunzi wangu wa darasa la juu wakaisoma pia. Mmoja wao akanyosha mkono akaniuliza, "Mwalimu, ikiwa watu hawa ni hodari hivi na waaminifu hivi, mbona wazee wao walikaa na njaa kando ya barabara mbele ya nyumba ya waziri mkuu wa Uingereza?" Kijana huyo alikuwa ameona picha ya mwezi wa Agosti 2021, wazee waliokuwa askari wakiwa wamekataa kula, wakidai malipo yao ya uzeeni. Sikuwa na jibu la upesi. Nilimwambia aketi, nami nikaenda nyumbani nikiona haya, maana mtoto alikuwa ameona tundu katika kikapu ambacho sisi wakubwa tulikuwa tukikisifu kwa uzuri wa kusukwa kwake.

Ndugu yetu alisema mambo matatu. La kwanza, ya kwamba Mgurkha huzaliwa shujaa, kama simba azaliwavyo na kucha. La pili, ya kwamba ukuu wake umetokana na kutii pasipo kuuliza, na ya kwamba yafaa tuwafundishe watoto wetu utii wa namna hiyo. La tatu, ya kwamba amekwisha kulipwa, maana jina lake lajulikana dunia nzima. Mimi nasema ya kwamba la kwanza si kweli, la pili lina hatari, na la tatu ni deni lililovikwa nguo nzuri. Wala msomaji asidhani nawadharau askari wale. Nimesoma habari zao kwa kicho. Lakini kumheshimu mtu ni kusema kweli juu yake, na kweli yenyewe haikuandikwa katika makala ile.

Nitachukua kikosi kimoja tu, kile kilichoitwa kwanza Batalioni ya Sirmoor na baadaye Kikosi cha Pili cha Wagurkha. Habari zake zatosha kupima maneno yote matatu.

Mwaka 1814 Kampuni ya Kiingereza iliyotawala sehemu kubwa ya Bara Hindi ilipigana na ufalme wa Nepali, ambao ni nchi ya milima mirefu upande wa kaskazini. Wafalme wa Nepali walitoka katika mji mdogo uitwao Gorkha, na ndiko lilikotoka jina la Wagurkha. Karibu na Dehra Dun palikuwa na boma juu ya kilima, liitwalo Kalunga au Nalapani. Ndani yake walikuwamo watu 600 hivi, pamoja na wanawake na watoto, na mkubwa wao alikuwa Balbhadra Kunwar. Waingereza walileta maelfu ya askari na mizinga. Tarehe 31 Oktoba jenerali wao Gillespie aliuawa mbele ya boma lile. Walijaribu tena wakashindwa tena, hata mwisho wakakata maji yasifike bomani. Siku ya mwisho wa Novemba Balbhadra alitoka usiku na watu wachache waliosalia, akapenya katikati ya adui zake akaenda zake. Waingereza walipoingia walikuta maiti na majeruhi waliokuwa wakilia maji. Kwao wenyewe watu zaidi ya 700 walikuwa wameuawa na kujeruhiwa. Baadaye walijenga mahali pale nguzo mbili za ukumbusho, moja ya jenerali wao na watu wake, na moja ya Balbhadra, adui waliyemstahi.

Yasimuliwa pia ya kwamba siku za vita vile Mgurkha mmoja alitoka bomani akipunga mkono, taya lake limevunjwa na risasi. Alipokewa, akatibiwa na mganga wa Waingereza, na alipopona akaomba ruhusa arudi kwa wenzake apigane tena.

Basi katika mwaka wa pili, yaani Aprili 1815, afisa mmoja aitwaye Frederick Young alipewa ruhusa ya kukusanya kikosi cha Wagurkha. Wengi wa hao wa kwanza walikuwa mateka na watu walioacha jeshi lililoshindwa. Ndio mwanzo wa Batalioni ya Sirmoor. Young akaiongoza hata mwaka 1843, muda wa miaka 28, na nyumbani pake pakawa Dehra Dun, karibu na kilima kile kile cha Kalunga. Msomaji na aone jambo hili vema. Watu walishindwa vitani, nchi yao ikapunguzwa, kisha wakaandikwa katika jeshi la aliyewashinda, wakajenga kambi mahali ambapo ndugu zao walikufa kwa kiu. Walifanya hivyo kwa moyo, naam, lakini tusisahau kwamba mateka hana njia nyingi za kuchagua.

Sasa nije kwa neno la kwanza, ya kwamba Mgurkha huzaliwa shujaa.

Hakuna kabila liitwalo Wagurkha. Walioandikwa jeshini walikuwa Wamagar, Wagurung, Warai, Walimbu na wengineo, kila watu na lugha yao na desturi zao. Ni wakulima wa milimani. Mashamba yao yamekatwa kama ngazi katika mteremko mkali, na shamba la ngazi likigawanywa kwa wana watano halimtoshi hata mmoja. Fedha taslimu zilikuwa haba, na madeni yalikuwa mengi. Kijana wa huko alipoona askari amerudi likizo na mshahara mfukoni, alishuka mlima kwenda kuandikwa. Hata leo, kijana anayetaka kuchaguliwa na jeshi la Uingereza hukimbia mlimani kilomita 5 hivi na kikapu cha mzigo wa kilo 25 kilichotundikwa kwenye paji la uso wake. Hujizoeza miezi na miezi. Maelfu hujaribu na wachache tu huchukuliwa. Je, simba hujizoeza kuwa na kucha? Kinachoitwa kuzaliwa shujaa ni mazoezi, uhitaji, na aibu ya kurudi kijijini mikono mitupu.

Tena tuulize, maneno haya ya watu wa vita na watu wasio wa vita yalitoka wapi? Yalipata nguvu nyingi baada ya mwaka 1857. Mwaka huo askari wengi wa jeshi la Bengal waliiasi Kampuni. Askari hao ndio walioishindia Kampuni vita kwa muda wa miaka mia. Walipoasi, wakaanza kuitwa watu wasiofaa vita. Waliosimama upande wa Waingereza, kama Wagurkha na Masingasinga, wakaitwa watu wa vita kwa asili. Jenerali Roberts, aliyekuwa mkuu wa jeshi la Bara Hindi tangu 1885 hata 1893, aliyaeneza sana maneno hayo, na askari wakachaguliwa kwa kabila zao. Basi kipimo cha ushujaa hakikuwa kifua cha mtu. Kipimo kilikuwa upande aliosimama siku ya maasi.

Na maneno hayo hayakukaa Bara Hindi tu. Yalivuka bahari yakafika kwetu. Maofisa wa Kingsi Afrikani Raifols walitafuta makabila ya vita Afrika Mashariki, wakawasifu Wakamba, Wanandi na wengine, kana kwamba Mungu aliwaumba wengine kwa bunduki na wengine kwa jembe. Mpaka leo wako wazee vijijini wanaotaniana kwa sifa hizo, na wengine hawataniani, wanaamini. Ndiyo sababu siwezi kunyamaza mwalimu anapozifundisha tena katika gazeti letu.

Neno la pili ni utii pasipo kuuliza.

Ndugu yetu alisifu sana habari za Delhi, nami nakiri kwamba ni habari za kustaajabisha. Mwaka 1857 Batalioni ya Sirmoor, chini ya Meja Charles Reid, ilipewa kulinda nyumba moja juu ya kilima nje ya mji wa Delhi, iitwayo nyumba ya Hindu Rao. Walikaa hapo tangu Juni hata Septemba, katika jua kali na kipindupindu. Walishambuliwa mara 26, wala hawakuondoka. Walikuwa 490, na katika hao 327 waliuawa au kujeruhiwa. Katika maofisa wao Waingereza 9, alisalia mmoja tu asiyeumia. Majeruhi waliolala ndani ya nyumba ile, walioweza kushika bunduki, waliinuka wakarudi kwa wenzao.

Kwa sababu ya siku hizo walipewa kuvaa nguo za kijani na nyekundu kama wenzao wa Kikosi cha 60 cha Waingereza waliopigana nao bega kwa bega, na wakapewa bendera ya tatu ya heshima. Lakini walipofanywa kuwa kikosi cha raifols, ambacho desturi yake ni kutochukua bendera, ilikuwa lazima bendera ile ipate badala yake. Mwaka 1863 Malkia Victoria akawapa fimbo ya shaba na fedha, karibu kimo cha mtu, na juu yake sanamu tatu za askari wa Kigurkha wameinua taji. Tangu wakati ule kila askari mpya aliigusa fimbo ile alipokula kiapo. Nitarudi kwa fimbo hii.

Sasa nauliza, waliotii Delhi walitii nini? Hawakuwa wakilinda Nepali. Walikuwa wakiwapiga askari wa Bara Hindi waliokuwa wamechoka na utawala wa Kampuni. Mimi sisemi walikosa, wala sisemi walioasi walikuwa watakatifu, maana pande zote mbili zilimwaga damu ya wasio na hatia mwaka ule. Nasema tu kwamba utii peke yake haukuambii kama kazi ni njema au mbaya. Panga hukata mhogo na hukata mkono.

Kama ndugu yetu hasadiki, na atazame Amritsar. Tarehe 13 Aprili 1919 watu maelfu walikusanyika katika uwanja wa Jallianwala Bagh, wasio na silaha, uwanja uliozungukwa na kuta. Jenerali Dyer alileta askari, wengine wao Wagurkha, ingawa si wa kikosi hiki ninachokisimulia. Aliamuru wapige risasi, na wakapiga muda wa dakika kumi hivi, mahali watu walipokuwa wengi zaidi. Serikali yenyewe ilihesabu waliokufa 379, na Wahindi walisema ni wengi kuliko hao. Askari wale walitii pasipo kuuliza. Je, ndilo funzo ndugu yetu analotaka tuliandike ubaoni?

Mimi hufundisha utii shuleni. Mtoto asiyetii hajifunzi kitu. Lakini mtoto atiiye asijue sababu, siku mwalimu mbaya atakapoingia darasani atamtii yeye pia. Uaminifu wa Wagurkha ulikuwa mzuri ulipokuwa uaminifu wa mtu kwa mwenzake. Singapore ilipoanguka mwezi wa Februari 1942, batalioni ya pili ya kikosi hiki ilitekwa na Wajapani pamoja na jeshi zima. Wajapani waliwashawishi na kuwatesa wageuke, na mkubwa wao wa Kinepali alipigwa mara kwa mara hata akafa, asiwaache watu wake. Huyo hakutii pasipo kuuliza. Aliulizwa kila siku kwa fimbo, na kila siku akajibu mwenyewe. Ushujaa ulioko hapo ni wa mtu aliyechagua, nami nausifu kuliko ule wa uwanjani Amritsar mara elfu.

Neno la tatu ndilo kubwa, nalo ni neno la malipo.

Kikosi hiki kilipigana Afghanistan hata Kandahar mwaka 1880. Kilipigana Dargai mwaka 1897. Kilikwenda Ufaransa mwaka 1914, watu wa milimani wakasimama katika mahandaki ya matope na baridi, kisha kikapigana Mesopotamia. Katika vita vya pili, usiku wa kuamkia tarehe 6 Aprili 1943, huko Wadi Akarit katika nchi ya Tunisia, Subedar Lalbahadur Thapa alipanda njia nyembamba ya mawe mbele ya bunduki za adui, kukri mkononi, ndicho kisu chao kipana kilichopinda, akaifungua njia kwa jeshi zima lililomfuata. Alipewa Msalaba wa Victoria. Huko Burma, tarehe 5 Machi 1945, Bhanbhagta Gurung wa kikosi hiki hiki aliyatwaa mashimo ya adui moja baada ya moja akiwa peke yake. Naye alipewa Msalaba. Mwaka 1946 aliondoka jeshini akarudi kwao, kwa kuwa mama yake mjane na mke wake walimhitaji shambani. Wanawe watatu wakaingia kikosi kile kile cha baba yao.

Wagurkha wa vikosi vyote walioandikwa katika vita kuu ya kwanza walikuwa 200,000 hivi, na katika ya pili 250,000 hivi. Kwetu pia walifika. Novemba 1914, Waingereza walipotaka kuiteka Tanga wakashindwa na jeshi la Wajerumani, katika waliofika mpaka ndani ya mji walikuwamo askari wa Kashmir, na wengine kati yao walikuwa Wagurkha.

Nani alinufaika? Baada ya vita ya kwanza serikali ya Kiingereza ilianza kuwapa watawala wa Nepali rupia milioni moja kila mwaka, kwa shukrani ya msaada wao. Wakati huo nchi ilikuwa mikononi mwa ukoo wa Rana. Basi watawala walipata rupia, na kijijini walirudi watu wenye miguu ya mti.

Mwaka 1947 Bara Hindi ilipopata uhuru, serikali tatu, ya Uingereza, ya Bara Hindi na ya Nepali, zilipatana namna ya kuvigawa vikosi kumi vya Wagurkha. Sita vilibaki Bara Hindi, na vinne vikaenda kwa Uingereza, yaani cha Pili, cha Sita, cha Saba na cha Kumi. Askari waliulizwa, na wengi wa Kikosi cha Saba na cha Kumi wakachagua Bara Hindi, hata Bara Hindi ikaunda kikosi kipya, cha Kumi na Moja. Tazama basi, walipoulizwa walikuwa na jibu lao. Katika mapatano yale mshahara wa Wagurkha waliokwenda kwa Waingereza uliwekwa juu ya kipimo cha jeshi la Bara Hindi, na malipo ya uzeeni vivyo hivyo. Posho iliongezwa walipokuwa ng'ambo, lakini mzizi wa ujira ulibaki pale pale. Mtu alipigana chini ya bendera ya Uingereza, akazeeka kwa kipimo cha nchi nyingine.

Kikosi cha Pili kikapelekwa Malaya, kikapigana mwituni tangu 1948 miaka kumi na miwili. Desemba 1962 kiliruka kwenda Brunei kuzima maasi, kisha kikapigana Borneo. Vita vya Borneo vilipokwisha mwaka 1966, shukrani ikafika kwa namna ya kupunguzwa. Maelfu ya Wagurkha waliachishwa, na wengi wao walikuwa hawajatimiza miaka 15 iliyotakiwa ili mtu apate malipo ya uzeeni. Walirudi milimani na fedha kidogo mkononi, basi. Mwaka 1969 ulianzishwa mfuko wa hisani wa kuwasaidia waliokuwa maskini. Wema wa waliouanzisha ni wema wa kweli. Lakini sadaka ni kitu kimoja na ujira ni kitu kingine. Mwenye shamba akimnyima kibarua mshahara wake, kisha siku ya sikukuu akampelekea kibaba cha mchele, je, tumwite mkarimu?

Tarehe 1 Julai 1994 Kikosi cha Pili kiliunganishwa na vingine, jina lake la kale likakoma. Miaka mitatu baadaye, tarehe 1 Julai 1997, Hong Kong iliporudishwa kwa Wachina, makao ya Wagurkha yakahamia Uingereza. Nayo serikali ikaifanya tarehe hiyo kuwa mpaka. Mwaka 2004 waliostaafu tangu siku hiyo waliruhusiwa kukaa Uingereza. Waliostaafu kabla yake waliambiwa kwamba hawakuwa na uhusiano wa kutosha na nchi ile. Wazee wakaenda mahakamani wakashinda mwaka 2008, Bunge likapiga kura kuwaunga mkono mwaka 2009, na mwezi wa Mei mwaka huo ruhusa ikatolewa kwa wote waliotumika miaka minne au zaidi.

Walakini ruhusa ya kukaa si chakula. Mwaka 2007 Wagurkha waliokuwa kazini, na waliostaafu tangu siku ile ya mpaka, waliruhusiwa kuhamia katika mpango wa uzeeni wa askari wengine wa Uingereza, lakini kila mwaka waliotumika kabla ya Julai 1997 ulihesabiwa kuwa chini ya nusu ya mwaka. Na waliostaafu kabla ya siku ile hawakupewa ruhusa hiyo kabisa. Sasa msomaji na apige hesabu pamoja nami. Kikosi cha Pili kilikwisha mwaka 1994. Mpaka ni mwaka 1997. Basi kila mzee aliyestaafu kikosi hicho kikiwa na jina lake, yule wa Malaya, yule wa Brunei, yule wa Borneo, yuko nje ya mpaka. Fimbo ya Malkia waliigusa wote. Nani aliigusa fimbo ile ili kumwapia askari?

Najua majibu yatakayotolewa, nami sitaki kuyaficha.

Atasema mtu, "Walijiandikisha kwa hiari." Ndiyo. Lakini hiari ya mwenye ghala tele na hiari ya mwenye deni si sawa, na mwajiri aliyekwenda kutafuta watu katika milima maskini alijua kwa nini alikwenda huko.

Atasema mwingine, "Malipo yao ni makubwa kwa maisha ya Nepali, na yamejenga nyumba na kusomesha watoto." Hili ni kweli, wala silipingi, vijiji vingi vya milimani vimeinuka kwa fedha hizo. Lakini bei ya mtu haipimwi kwa umaskini wa kwao. Risasi ya Borneo haikumwuliza askari mchele wauzwaje kijijini kwake.

Atasema wa tatu, "Mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya iliamua mwaka 2016 kwamba serikali haikuvunja sheria." Nayo ni kweli. Walishindwa, na mwenye kuheshimu sheria aliheshimu hukumu. Lakini mahakama iliulizwa juu ya sheria, nasi twauliza juu ya shukrani. Yako mambo mengi ambayo sheria huyaruhusu na mtu mwenye haya hayafanyi.

Sasa niseme kwa nini neno hili lanichoma. Babu yangu alikwenda Burma mwaka 1944 pamoja na askari wengine wa Afrika Mashariki. Alirudi na medali, koti zito, na fedha ambazo hazikufika mavuno ya pili. Askari wa Kiafrika wa siku zile walilipwa pungufu kuliko Wazungu wa cheo kile kile, na malipo ya kuagana yakapungua vivyo hivyo. Nilipokuwa mtoto wageni wakubwa walikuja kijijini wakamsimamisha babu mbele ya watu, wakamsifu, wakapigiwa makofi, wakaenda zao. Usiku ule aliniambia nimshikie taa atafute koleo, akaivunja pini ya medali ile, akaitumia kufungia mlango wa kuku. Medali yenyewe aliiweka. Hakusema neno baya. Mimi nilidhani amefanya mzaha. Leo nadhani alikuwa akifundisha.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu mambo matatu. Tukisimulia habari za askari, wawe Wagurkha au wetu, tusimulie na daftari la mshahara mkononi: alilipwa nini, mjane wake alipata nini, aliyemtuma alipata nini. Tena tuache kabisa maneno ya kabila la vita na kabila lisilo la vita, maana yaligawa watu jana na yaweza kuwagawa kesho. Na mtoto akiuliza swali gumu, tusimwambie aketi, kama nilivyofanya mimi.

Wahenga walisema, shukrani ya punda ni mateke. Lakini hapa punda alibeba mzigo karibu miaka mia mbili, na mateke yalitoka kwa mwenye mzigo.

Jumatatu ile nilimwita kijana yule mbele ya darasa, nikamwambia hivi: wazee wale walikataa kula kwa sababu walikuwa wamelishwa sifa muda mrefu sana. Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Akaandika maneno yale katika daftari lake, kisha akaniuliza kama babu yangu alilipwa.

Ni mimi, mwalimu wa shule ya kijijini.